Sikuvipenda viwanja vya linksi: je, kasoro ni yangu?

Msomaji ameniandikia hivi: "Nimecheza gofu miaka kumi na miwili, karibu yote kwenye viwanja vyenye miti na nyasi laini. Handikapu yangu ni 14, yaani kwa kawaida napiga takriban mapigo 14 zaidi ya kiwango cha uwanja. Mwaka jana nilifuatana na wenzangu watatu hadi Scotland, tukacheza raundi nne kwenye viwanja vya linksi kando ya bahari. Tulianza na Carnoustie, siku ya upepo, na wenzangu wakachagua tii za mbali, yaani mahali pa kupigia pigo la kwanza palipo mbali zaidi na shimo. Wao walirudi wakiwa na mapenzi mapya. Mimi nilirudi nimechoka na nimekasirika. Mpira nilioupiga vizuri ulidunda ukaishia bankani, kwenye shimo la mchanga, na mpira nilioukosea ukabingirika hadi karibu na bendera. Sasa wanapanga kurudi, na wananiambia kwamba asiyependa linksi hajaijua gofu. Je, ni kweli? Niende nao, au nitafute viwanja vya aina nyingine?"

Si kweli, na wenzako wamekukosea kukuambia hivyo. Tom Watson wa Marekani alitwaa The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mara tano, na katika historia nzima ya mashindano hayo ni Harry Vardon peke yake aliyempita, kwa mataji sita. Watson huyo huyo mwanzoni hakuvipenda viwanja vya linksi. Mwaka 1975, siku chache kabla ya The Open iliyochezwa Carnoustie, alikwenda kucheza kwenye uwanja jirani wa Monifieth. Pigo lake la kwanza lilinyooka kama uzi katikati ya feawei, ile njia ya nyasi fupi kati ya tii na shimo. Alipofika pale ulipopaswa kuwa, mpira haupo. Walitafuta wee, mwishowe wakaukuta umezama kwenye banka dogo ambalo mtu akiwa kwenye tii halioni kabisa. Ilimkera kama ilivyokukera wewe. Wiki ile ile akashinda Carnoustie, na miaka miwili baadaye akashinda Turnberry kwa mapigo 268 dhidi ya 269 ya Jack Nicklaus. Lakini kushinda ni jambo moja na kupenda ni jambo lingine, na mapenzi yalimchukua miaka kadhaa zaidi.

Kwa hiyo hasira yako ina ukoo mzuri. Ninachotaka kukuonyesha ni imetoka wapi, maana ukishalijua hilo utaweza kuamua mwenyewe kama ni hasira ya kupita au ni tabia yako, na zote mbili hazina aibu.

Tuanze na udongo. Neno linksi limetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mwinuko au ukingo wa ardhi. Eneo lenyewe ni ule ukanda wa mchanga uliopo kati ya ufuo na mashamba: bahari ilirudi nyuma ikauacha, upepo ukaufinyanga kuwa vilima na mabonde. Haufai kwa kilimo, ndiyo maana uliachiwa kondoo, sungura na watu wenye fimbo na mpira. Nyasi zinazomea hapo, hasa feskyu, ni nyembamba na ngumu, zenye mizizi inayokwenda chini sana kutafuta maji. Mvua ikinyesha mchanga huimeza papo hapo, kwa hiyo ardhi hubaki kavu na ngumu, na mpira ukitua hauna mahali pa kuzama. Unadunda na kuendelea na safari. Viwanja vya namna hii ni adimu. Hesabu inayokubalika na wengi ni karibu 250 kati ya viwanja zaidi ya 38,000 duniani, na vingi vyao viko Scotland, England, Wales na Ireland.

Natilia mkazo udongo kwa sababu watu wengi wanadhani linksi ni uwanja wowote ulio karibu na bahari. Pebble Beach kule California uko juu ya bahari kabisa, ni mzuri hadi mtu anasahau kupiga, lakini si linksi, kwa kuwa uko juu ya miamba na udongo wake hauchujui maji kama mchanga wa ufuoni. Whistling Straits kando ya Ziwa Michigan unafanana na linksi kwa kila jicho, una vilima na mabanka karibu elfu moja, lakini vilima vile vililetwa kwa matrekta na mbunifu Pete Dye juu ya ardhi iliyokuwa tambarare. Na katika nchi za joto, hata mbunifu akipata mchanga safi na upepo wa kutosha, feskyu haistahimili jua. Anapanda nyasi za joto zenye majani manene, na nyasi hizo huushika mpira badala ya kuuacha uteleze. Nimecheza viwanja kadhaa vinavyojitangaza kuwa vya linksi ambavyo mpira ulitua na kukwama palepale. Mtu akivichukia hivyo hajaichukia linksi, na mtu akivipenda hajaipenda pia. Wewe umecheza vile vya kweli, kwa hiyo una haki ya kutoa maoni.

Sasa tufike kwenye kiini cha ugomvi wenu. Kwenye uwanja wa miti, pigo linaishia hewani. Unaangalia umbali, unachagua fimbo, unaupandisha mpira, unatua kwenye grini, ile nyasi fupi kabisa inayozunguka shimo, iliyolainika kwa maji, unasimama hatua tatu au nne kutoka ulipoangukia. Kilichotokea baada ya kutua ni kidogo sana hata hukihesabu. Ndiyo maana mchezaji wa viwanja hivyo anakua akiamini kwamba kati ya kupiga vizuri na kupata tokeo zuri kuna njia iliyonyooka. Kwenye linksi, pigo likitua ndiyo kwanza limefika nusu ya safari. Nusu ya pili inachezwa na ardhi, na ardhi haina mpango na wewe.

Wapo wanaoliita hilo bahati nasibu. Siwezi kuwaambia kwamba hakuna bahati, kwa sababu ipo, tena nyingi. Mwaka 2002, The Open ilipochezwa Muirfield, Tiger Woods alifika akiwa ameshashinda mashindano mawili makubwa ya mwaka huo. Jumamosi ikaja dhoruba ya baridi na mvua ya kupiga usoni. Waliotangulia asubuhi walikuwa wameshamaliza au wako mbali; yeye akaingia katikati yake na kupiga mapigo 81. Kesho yake hali ya hewa ilipotulia alipiga 65. Colin Montgomerie, mzaliwa wa Scotland, alipiga 64 Ijumaa na 84 Jumamosi. Mtu akisema hayo si haki, sina hoja ya kumzima. Ninaweza tu kumwambia kwamba linksi haijawahi kuahidi haki ya aina hiyo, na kwamba mtu anayeihitaji ili afurahie mchezo wake atateseka pale, hata akiwa bingwa wa dunia.

Lakini bahati ni sehemu tu ya hadithi. Sehemu nyingine ni ufundi ambao uwanja wako wa nyumbani haujawahi kukuomba. Chukua pigo moja. Uko yadi 90 kutoka kwenye bendera, upepo unakuja usoni, na mbele ya grini kuna tuta lenye umbo la mashua iliyopinduliwa. Mazoea yako yote yanakwambia uchukue weji, fimbo ya kuupandisha mpira juu. Ukiupandisha mpira, upepo utaukamata, utasita angani na kuanguka yadi 20 kabla ya grini. Ukiuongezea nguvu, mzunguko nao unaongezeka, na mpira unazidi kupanda. Mzoefu anatoa chuma cha 7, anaweka mpira nyuma kidogo karibu na mguu wa kulia, anarudisha fimbo hadi kiunoni tu na kugonga kwa utulivu. Mpira unapaa usawa wa magoti. Unatua mapema sana, unadunda mara mbili, unaanza kupanda ubavu wa kushoto wa tuta, mbali na bendera, mpaka mtu asiyejua anaanza kumsikitikia. Karibu na kileleni unapunguza mwendo. Kisha unageuka, unateremka upande wa kulia, na kuendelea kubingirika juu ya grini kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia, hadi unasimama mita mbili kutoka shimoni.

Pigo hilo halihitaji nguvu. Linahitaji mtu awe ameiona njia kabla ya kupiga. Na wanaopenda linksi, ukiwachunguza vizuri, karibu wote wanapenda jambo hilo moja: pigo lenye njia tano na uhuru wa kuchagua. Kwenye grini iliyozungukwa na maji, kama ile ya shimo la 17 la TPC Sawgrass kule Florida, njia ni moja: juu, kisha ardhini, basi. Inatetemesha, nami naipenda kwa sababu hiyo hiyo, lakini hakuna cha kubuni.

Mimi mwenyewe sikuliona hilo siku ya kwanza. Raundi yangu ya kwanza ya linksi, kwenye shimo la nne, nikiwa yadi 40 kutoka grini, kedi mmoja mzee, yaani mbeba fimbo, alinipa puta, fimbo ya kubingirishia mpira kwenye grini. Nilimrudishia. Akanipa tena, bila neno, akanyoosha kidole kwenye bonde dogo upande wa kulia, mbali kabisa na bendera. Niliputi kuelekea huko kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa mawazo. Mpira uliingia bondeni, ukapanda, ukakata kushoto na kufika hatua mbili kutoka shimoni. Nimecheza mashimo maelfu tangu siku hiyo na bado naikumbuka rangi ya nyasi za bonde lile, kahawia kama gome la mti.

Katika mambo yote yanayosemwa juu ya linksi, kuna moja ambalo nadhani halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba inawatendea wema wachezaji wa umri mkubwa na wasio na nguvu. Mpira unaobingirika hauulizi kasi ya swingi. Mwaka 1973 kule Troon, Gene Sarazen akiwa na umri wa miaka 71 alitumbukiza mpira kwa pigo moja kwenye shimo la nane, lile fupi linaloitwa Postage Stamp, katikati ya The Open. Greg Norman aliongoza baada ya siku tatu mwaka 2008 kule Birkdale akiwa na miaka 53. Mwaka uliofuata Watson, akiwa na miaka 59, alifika kwenye shimo la mwisho la Turnberry akihitaji mapigo manne tu ili achukue taji la sita. Pigo lake la pili, kwa chuma cha 8, lilikuwa safi. Likatua mbele ya grini, likadunda, likaendelea kubingirika na kuvuka hadi nyuma. Alitumia mapigo matatu kutoka hapo na kushindwa na Stewart Cink katika mashimo ya nyongeza. Ardhi ile ile iliyompa nafasi akiwa karibu na sitini ndiyo iliyoichukua. Halafu wakaja Darren Clarke mwaka 2011, Ernie Els 2012 na Phil Mickelson 2013, washindi watatu mfululizo, wote wamepita miaka arobaini. Kwenye mashindano makubwa yanayochezwa kwenye viwanja virefu na laini, ambako mpira unasimama pale unapotua, nguvu ya ujana ina uzito mkubwa zaidi.

Kwa Mickelson, taji hilo lilikuwa la kujifunza upya. Alikuwa amezoea mipira mirefu ya juu, na kwa karibu miaka ishirini The Open ilimkatalia. Mwaka huo wa 2013 alikwenda mapema Scotland, akashinda Scottish Open wiki moja kabla, kisha akaja Muirfield na kupiga 66 siku ya mwisho. Nakutajia kwa sababu wewe ulipewa raundi nne. Yeye alihitaji miongo.

Sitaki udhani nauona uwanja wa miti kuwa gofu ya daraja la pili. Ukimya wa asubuhi kati ya miti mirefu, shimo moja limefichwa na jingine mpaka unajiona mko peke yenu duniani, ni raha ambayo linksi haina. Kwenye linksi unaona uwanja wote na watu wote, na upepo hauachi masikio yako hata dakika moja. Uwanja wa miti pia unakuadhibu kwa namna unayoweza kuielewa na kuirekebisha: ukikunja mpira kulia unakutana na mti, na unajua wiki hii ufanyie nini mazoezi. Kwa mtu anayetaka kupima maendeleo yake, kadi ya alama ya uwanja wa namna hiyo inasema kweli zaidi. Nina wanafunzi wa miaka mingi wenye tabia hiyo, watu wa vipimo na utaratibu, na siwasukumi kwenda ufuoni.

Tena mpaka kati ya aina hizi mbili si mkali kama wenzako wanavyouchora. Bobby Jones wa Marekani alifika St Andrews, Scotland, kucheza The Open mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 19. Katika raundi ya tatu, kwenye shimo la 11, alikwama kwenye banka linaloitwa Hill, akakata tamaa na kujitoa kwenye mashindano. Hiyo ni chuki kubwa kuliko yako. Akarudi mwaka 1927 na kushinda The Open hapo hapo, akarudi 1930 na kushinda ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza hapo hapo, na mwaka 1958 mji ukampa heshima ya uraia huru. Mtu huyo alipotaka kujenga uwanja wake, alikwenda Georgia, bara, mahali pa misonobari na vilima, akamchukua Alister MacKenzie, mbunifu aliyekuwa amechora ramani maarufu ya Old Course, uwanja wa St Andrews. Matokeo yake ni Augusta National. Leo unachukuliwa kuwa mfalme wa viwanja vya miti, lakini ulipofunguliwa feawei zake zilikuwa pana, mabanka machache, na grini zenye mikunjo inayomtaka mchezaji achague upande wa kujia. Mawazo ni ya St Andrews, yamevalishwa maua.

Kuna pia aina ya tatu, na kwa mtu mwenye swali kama lako ndiyo ninayoiamini zaidi. Ni viwanja vya nyika vilivyo kusini magharibi mwa London, kwenye ardhi ya mchanga iliyofunikwa na vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau na misonobari hapa na pale. Watu wa kule waligundua mwishoni mwa karne ya 19 kwamba mchanga huo wa bara unachuja maji karibu kama wa ufuoni. Willie Park mdogo, mtoto wa yule Willie Park aliyeshinda The Open ya kwanza kabisa mwaka 1860, alitengeneza Sunningdale, uliofunguliwa 1901. Herbert Fowler akafuata na Walton Heath mwaka 1904. Hapo mpira unadunda na kubingirika kama wa linksi, lakini miti inakukinga dhidi ya upepo mkali na mashimo yana faragha. Unaweza kujifunza pigo la chini bila kupigwa makofi na hali ya hewa. Ningekuwa na mamlaka, kila mchezaji aliyelelewa kwenye nyasi laini angepitishwa hapo kwanza.

Sasa niseme juu ya raundi zako nne, maana barua yako imenionyesha mambo mawili ambayo yangemchosha mtu yeyote. La kwanza ni Carnoustie siku ya kwanza, tena kwa tii za mbali, tena kwa upepo. Uwanja huo unawatesa hata waliozaliwa kwenye mchanga. Mwaka 1999 Jean Van de Velde alifika kwenye tii ya shimo la mwisho akiwa mbele kwa mapigo matatu, akaondoka na mapigo saba baada ya mpira kuishia kwenye kijito cha Barry Burn, na taji likaenda kwa Paul Lawrie. Mwenye handikapu ya 14 kuanzishiwa hapo ni kama kufundishwa kuogelea siku ya mawimbi.

La pili hukulitaja, lakini nalisoma kati ya mistari: ulikuwa unahesabu mapigo. Kwenye upepo mkali kama ule, kadi ya mapigo inakufanya uone kila shimo kuwa hasara. Shimo la mapigo manne likielekea upepo huwa la matano, na likipewa mgongo na upepo huwa la matatu na kidogo, na zaidi ya hayo upepo wa usoni unakuibia umbali mwingi kuliko ule ambao upepo wa mgongoni unakurudishia. Daktari Frank Stableford wa klabu ya Wallasey, nayo ni ya linksi, alichoshwa na jambo hili hili: kuna shimo refu alilokuwa hawezi kufika kwa mapigo mawili upepo ukiwa mbele. Akabuni mfumo wa pointi, ambao ulianza kutumika klabuni kwake mwaka 1932 na sasa unatumika kila mahali. Ukiharibu shimo unapata sifuri, unaokota mpira, unaendelea na moyo mweupe. Dawa ilitengenezwa pale pale penye ugonjwa. Bora zaidi ni kucheza shimo kwa shimo dhidi ya mwenzako, kama wenyeji wengi wapendavyo, kwa sababu upepo unaokuumiza wewe unamuumiza na yeye.

Kama utarudi, fanya mazoezi ya mapigo matatu tu kabla ya kwenda. Chuma cha 7 cha mbingiriko kutoka yadi 30 hadi 90. Puta kutoka nje ya grini, hata yadi 20 nje. Na pigo la tii la chini kwa fimbo isiyokuwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali kabisa. Hili la mwisho wengi hawaliamini, basi kumbuka The Open ya Hoylake mwaka 2006, ardhi ilipokuwa imeungua kwa ukame: Woods alitoa draiva mara moja tu katika mashimo 72 na kushinda akiwa mapigo 18 chini ya kiwango. Alijua umbali atapewa na ardhi. Alichotaka yeye ni kukaa nje ya mabanka. Mabanka ya linksi ni madogo kwa macho lakini yana mvuto, kwa kuwa ardhi yote inayoyazunguka inateremkia ndani yake. Ukuta wake umepangwa kwa matabaka ya nyasi kama matofali, wima, mara nyingi kimo cha kifua. Ukiingia, piga kwa upande au hata kurudi nyuma, utoke kwa pigo moja. Nusu ya alama mbaya ninazoziona kwenye viwanja hivi zinatokana na mtu kutaka kwenda mbele akiwa ndani ya shimo lisilo na mbele.

Na kedi. Mkodishe, hata kama unajibebea begi nyumbani miaka yote. Kwenye uwanja wa miti macho yako yanatosha. Kwenye linksi macho yako yanakudanganya, na yeye ndiye anayejua mpira utaelekea wapi baada ya kutua.

Sasa, uende au usiende? Ningekuwa wewe ningewaomba wenzako jambo moja: mpitie London kwanza mcheze raundi mbili kwenye viwanja vya nyika, kisha mpande Scotland na mwanzie North Berwick badala ya Carnoustie. North Berwick ni uwanja wenye moyo. Kwenye shimo la 13 kuna ukuta wa mawe umepita mbele ya grini, na mpira wako lazima uuruke. Kwenye shimo la 15 ndipo ilipo Redan, grini iliyolala kimshazari inayoteremka kwenda nyuma, ambayo wabunifu duniani kote wameinakili kwa zaidi ya miaka mia. Pale utaona pigo la mbingiriko likifanya kazi yake waziwazi. Chezeni kwa tii za mbele. Msihesabu mapigo. Halafu nendeni St Andrews, na kama ratiba inawaruhusu mfike Jumapili, siku ambayo Old Course hufungwa kwa gofu na watu wa mji hutembea juu yake na mbwa wao. Utembee nao, bila fimbo, usimame kwenye shimo la 14 ndani ya lile banka linaloitwa Hell, uangalie grini kutoka chini. Kisha Jumatatu mkipata nafasi, cheza.

Ukirudi kutoka safari hiyo na bado unaona mpira wako ulitendewa visivyo, usiende mara ya tatu. Waambie wenzako umekwenda mara mbili na umecheza vile vya kweli, kisha uwaalike wao kati ya miti yako.